Beti Niliyomnyima Maganga

Kwihara,
siku moja kabla ya treni yako

Mwanangu Kalunde,

Mama yako amekupeleka Gongoni kwa shangazi yako ukasukwe nywele na ulale hukohuko karibu na stesheni, nami nimebaki nyumbani na kalamu hii inayovuja. Habari za sanduku, shuka na sabuni mama yako amezimaliza tangu juzi, sina la kuongeza. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukila, nami nikainamia bakuli kama sikusikia.

Ulisema, "Baba, ni heri nilale kwenye benchi la stesheni ya Manyoni mpaka lori la misheni lije kunipeleka chuoni, kuliko kulala kwa mtu aliyemwacha mjomba kwenye moto."

Mama yako akacheka, akasema umerithi kiburi changu. Mimi sikucheka. Nilitakiwa nikujibu palepale, tonge mkononi, nikashindwa. Kwenye karatasi angalau siwezi kukuimbia. Ugonjwa wangu unaujua: nikibanwa, naimba.

Hadithi ya moto unaijua kuliko mafundisho ya ubatizo. Umeisikia kwangu kila mwaka baada ya mavuno, nami nimesimama katikati ya ua na fimbo yangu. Sisi watatu tulikwenda msituni kurina asali: mimi, Lugembe kaka wa mama yako, na rafiki yetu Maganga. Moto ukaja. Maganga akatimua mbio, visigino vikimpiga kisogoni. Mimi nikaingia kwenye kibanda kilichokwisha kushika moto, nikamtoa mjomba wako akiwa ameungua miguu, nikambeba mgongoni hadi korongoni. Pale pa visigino ndipo wote mnapopiga miguu chini kwa kiitikio, vumbi linatoka. Mlipokuwa wadogo mliufanya mchezo nyuma ya ghala. Mlivuta vijiti, na mwenye kijiti kifupi ndiye aliyekuwa Maganga. Siku moja kikakuangukia wewe, ukanijia unalia, kamasi mpaka mdomoni, hutaki kuwa Maganga. Nikakwambia, "Basi, wewe uwe baba." Nilisema hivyo, mwanangu, nikajiona nimekubembeleza vizuri.

Katika hadithi hiyo hakuna neno la uongo. Nataka ulijue hilo kwanza, maana ndilo linalonitesa. Maganga alikimbia kweli. Mimi niliingia kwenye moto kweli, na kovu hili la mkononi ulilozoea kulipapasa ukiwa mtoto si la kuchora. Kama ningekuwa nimedanganya, ningekwisha kuumbuka zamani. Nilichofanya ni kuianza hadithi pale paliponipendeza na kuikata pale paliponipendeza.

Sasa ngoja niianze panapotakiwa.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, nasi tulikuwa wiki ya tatu msituni. Desturi yetu unaijua: watu wakienda kurina, pombe haiingii kambini mpaka mzinga wa mwisho uteremshwe. Lakini mimi nilikuwa manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma na za kulima, kijana, nasifiwa kila kijiji, na nilidhani desturi ziliwekwa kwa ajili ya watu wasio na sauti. Nikachachusha wanzuki yangu, pombe ya asali, ndani ya kibuyu, nikaificha kichakani. Siku ile alasiri nilipanda mti nimeshakunywa. Nikafukiza nyuki kwa mwenge wa magome, nikateremsha masega. Anayeshuka na mwenge ana kazi moja tu, nayo ni kuuzika mchangani mpaka usitoe hata moshi. Hata mtoto anayechukuliwa msituni mara ya kwanza huambiwa hilo kabla hajaambiwa jina la mti.

Mimi nilishuka na wimbo kichwani. Zamani hizo, watu wakirudi kutoka msituni, manju alikuwa anaingia kijijini akiimba habari ya safari nzima: nani alipanda mti mrefu, nani aliogopa nyuki, nani alikula kuliko alivyofanya kazi. Ndiyo ilikuwa taarifa yetu, kama walivyofanya wapagazi wa zamani walipoingia Unyanyembe. Nilikuwa natafuta neno moja la kukamilisha mstari. Nikauegemeza mwenge kwenye kisiki, nikaenda kukaa kivulini nilitafute. Neno lenyewe hata leo silikumbuki.

Upepo ukavuma. Nilipogeuka, nyasi zilikuwa zimekwisha kushika, na moto unakwenda upande wa kibanda alimolala Lugembe akiugua homa. Maganga alitokea mbio kutoka kwenye mizinga. Aliutazama mwenge pale kwenye kisiki. Akanitazama mimi. Hakunitukana. Alisema, "Mihayo, wewe mtoe Lugembe, mimi nakwenda kuleta watu!" Ndipo alipokimbia.

Kwa hiyo umeona, mwanangu. Alikimbia, lakini aliniaga, na aliniambia anakokwenda.

Nilimtoa mjomba wako, hilo ni kweli, na sitalikana. Lakini baada ya hapo nilikaa naye korongoni, analia maji, na mimi sina maji. Vibuyu vyote vilikuwa vimeungua kambini, pamoja na vilindo vyetu vya magome tulivyojaza asali. Niliomba, niliahidi, nililia kuliko yeye. Kama ungenikuta pale usingenitungia wimbo. Kesho yake jua halijapanda sana nikasikia sauti za watu. Maganga alikuwa amekwenda mpaka kijiji kimoja ng'ambo ya mbuga, kwa watu asiowajua hata kwa jina, akarudi nao wanaume sita, maji, na machela. Miguu yake ilikuwa imechanika na visiki, maana alikimbia peku. Bila yeye, mjomba wako angefia mikononi mwangu kabla ya jua la utosi, na mimi ningekuwa shujaa wa kubeba maiti.

Tukamfikisha hospitali ya misheni. Maganga akabaki kumuuguza. Mimi nikatumwa nyumbani kupeleka habari.

Siku mbili nilitembea peke yangu, na mwanangu, sijawahi kuogopa vile, hata ndani ya moto. Niliona uso wa babu yako mzaa mama akiniuliza, "Moto umetoka wapi?" Nilikuwa nalo jibu, na jibu lilikuwa linanuka pombe. Nilipoziona nyumba za kwanza nikafanya ninachokijua: nikaanza kuimba. Nikaanzia pale moshi ulipokwisha kutanda. Watu wakatoka majumbani. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja, waliitikia. Na wimbo wowote wa mtu kuingia kwenye moto unamtaka mtu mwingine wa kutoka mbio, la sivyo haukolei. Nikaangaza moyoni nani yupo. Alikuwepo Maganga. Nikamweka yeye, na pale pa visigino watu wakaanza kupiga miguu wenyewe, bila mimi kuwaonyesha.

Niliona wanapenda. Nikairudia.

Maganga aliporudi baada ya mwezi, wimbo ulikuwa umekwisha kutoka kijijini. Wakulima waliulimia mashamba mpaka Lusu, kwa watu wasiomjua Maganga hata kwa sura. Watoto walimfuata njiani wanapiga miguu. Na kwetu, mtu akiimbwa anajibu kwa wimbo katika ngoma inayofuata. Akijibu kwa maneno makavu, au akienda kwa wazee kushtaki, watu wanasema limemwingia, na kicheko kinazidi. Kama ningejibiwa kwa wimbo, ningeinama kwa aibu. Lakini Maganga alikuwa hana sauti. Akiimba utadhani mlango unafunguliwa. Nililijua hilo vizuri, tulikua pamoja.

Alikuja kwangu asubuhi moja. Nikamwekea kigoda, akakataa kukaa.

"Mihayo, sina ugomvi na wewe," akasema. "Habari ya mwenge sijamwambia mtu, hata Lugembe. Nimemwambia moto umetoka porini."

"Ahsante, ndugu yangu."

"Sitaki ahsante. Nataka beti moja. Waambie nilirudi."

"Nitaona."

"Utaona nini? Nilirudi au sikurudi?"

"Ulirudi."

"Basi liimbe hilo. Hayo mengine kaa nayo."

Nikamwambia wimbo haukatwi katikati, watu wameuzoea, asubiri ngoma ya mavuno. Akaenda zake. Ngoma ya mavuno ikaja. Alisimama nyuma kabisa, nilimwona, shingo ameinyoosha. Nikaimba usiku kucha, na beti hiyo sikuiimba.

Utauliza kwa nini, beti moja tu, mstari wa pumzi mbili. Ni kwa sababu ya mama yako. Kabla ya moto babu yako alikuwa amenikatalia, akasema hamwozi binti yake kwa mtu ambaye shamba lake ni koo lake. Baada ya wimbo aliniita mwenyewe. Alinishika mkono mbele ya wakwe zake wengine, akasema aliyeingia motoni kwa ajili ya mwanawe ni mwanawe. Sasa fikiri: nikisema Maganga alirudi, watauliza kwa nini niliwaambia alikimbia. Wakiuliza hilo, kesho watauliza moto uliwashwa na nani. Nilimtaka mama yako, Kalunde. Nilimtaka sana, nami nikampata kwa wimbo ule. Na wewe umezaliwa humo.

Mjomba wako aliporudi, akitembelea fimbo, alijaribu. Aliwaambia watu kwamba Maganga alileta machela, alimwosha vidonda, alimlisha uji kwa kijiko. Watu wakasema, "Lugembe ana moyo mzuri, anamsamehe hata yule." Wengine wakasema, "Alirudi, ndiyo, moto ulipokwisha kuzimika." Kila alilosema likageuzwa likaingia kwenye wimbo wangu. Siku moja tulikuwa tunabangua karanga, akaniambia, "Shemeji, wimbo wako mtamu. Lakini aliyeungua ni mimi, na hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje." Nikacheka. Nikamtania kuhusu fimbo yake. Alikufa kwa kifua wewe ukiwa bado unanyonya, na habari ya mwenge hakuijua mpaka anaingia kaburini. Hilo siwezi kulirekebisha tena. Nimekaa nalo.

Maganga hakukaa. Nani ataingia msituni na mtu anayesifika kwa kukimbia? Kila kundi la kurina lilimwambia limejaa. Mkewe akipita kisimani, wanawake walipiga miguu. Wakahamia mjini, Gongoni, kisha akapata kibarua cha kutengeneza njia ya reli, akapelekwa Manyoni. Alipoondoka sikumsindikiza.

Nafasi za kusema nimezipata, tena nyingine kupitia kwako. Ulikuwa darasa la nne, ukarudi na kitabu cha kusoma, ukamsomea babu yako, baba yangu mzazi, aliyekuwa amelala kitandani miguu imevimba. Kitabu kilisimulia safari ya Mzungu mmoja kutoka pwani kupitia huku kwetu, kikasema wapagazi wake walikuwa waoga, wengi wakatoroka. Babu yako alikuwa mmoja wa wapagazi wa safari hiyo ujanani, bega lake lilikuwa na nundu mpaka anakufa. Akakwambia, "Soma tena hapo." Ukasoma. Akauliza, "Haikuandikwa kwamba siku ya nne hatukupewa posho? Haikuandikwa kwamba ndui iliingia kambini?" Ukasema haikuandikwa. Babu akageukia ukutani. "Aliyeandika alikuwa amebebwa kwenye machela," akasema. "Huko juu angeona nini? Angewauliza waliombeba."

Wewe ulikasirika kwa ajili ya babu yako, ukalipaka lile neno "waoga" makaa mpaka lisisomeke, na mwalimu akakuchapa. Mimi nilikuwa mlangoni nanoa jembe. Nilisikia yote. Nilijua kwamba kijijini kwetu mimi ndiye yule wa kwenye machela, na Maganga ndiye mpagazi. Nikaendelea kunoa.

Halafu ile siku ya kumaliza shule ya kati. Insha yako ilisomwa mbele ya wazazi, "Mtu Shujaa Ninayemjua." Mwalimu akanitaka nisimame. Nikasimama, nikapigiwa makofi, mama yako anafuta machozi kwa kanga. Ulikuwa umeandika jina la Maganga kwa ukamilifu, na jina la baba yake, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nilipojua kwamba treni yako itakushusha Manyoni jioni na lori halina budi kungojwa mpaka asubuhi, nilikuwa sina mtu mwingine kule. Nikamwandikia yeye. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kwake tangu ahame. Nilikuwa na kurasa mbili za kuomba radhi, nikazichana, nikabakiza mistari mitatu ya kuomba malazi. Naye akajibu, barua umeiona bahasha yake tu, ndani sikukuonyesha. Imeandikwa hivi: "Mpwa wa Lugembe ni mtoto wangu. Aje. Nitakuwa stesheni na taa." Basi. Hakuniulizia hali.

Kwa hiyo usilale kwenye benchi. Mtu atakayekuwa amesimama pale na taa ndiye aliyemwokoa mjomba wako. Mimi nilimtoa kwenye moto niliouwasha mwenyewe. Ukimpa shikamoo, mpe kama unavyompa mzee wa ukoo. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo ni mzigo wangu, na nimekuwa nikiwabebesha wengine kwa miaka mingi mno.

Unakwenda kuwa mwalimu. Watoto watakuzunguka wakitaka kujua nani mwema na nani mbaya, na watataka wajue upesi, kabla kengele haijalia. Mimi sistahili kukufundisha kazi. Nakuomba tu kwamba ukifika mahali pa mtu anayekimbia, usiwaache watoto wapige miguu kabla hujauliza alikuwa anakimbilia wapi. Na ukisikia hadithi ambayo msimuliaji ametoka safi, mchungulie mikono.

Nichungulie na mimi, hata hapa. Nimeisoma tena barua hii toka juu, nikaona inavyojipinda pole pole kuniweka pazuri. Baba anayekiri! Mzee mwenye uchungu! Nimekuwa manju muda mrefu, mwanangu, naweza kuutengeneza hata ubaya wangu ukaitikiwa. Usiniitikie. Ukinikasirikia, kasirika mpaka mwisho.

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia hapa kwamba mama yako hajui habari ya mwenge, na kukuomba usimwambie. Nimeiandika hiyo sentensi kwenye karatasi nyingine, nikaitazama. Nilikuwa nataka kukupandisha treni ukiwa na siri juu ya kaka wa mama yako, ili mimi nibaki nyumbani napikiwa. Nimeichoma.

Mama yako amerudi kutoka Gongoni jua likizama. Unajua hasomi. Nikamwomba akae, nikamsomea barua hii yote, toka neno lako la jana. Nilipofika kwenye kisiki nikaiweka karatasi chini, akasema, "Endelea." Nilipofika kwa Lugembe na karanga alifumba macho. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu: "Ngoma ile ya mavuno, Maganga alisimama wapi?" Nikamwambia nyuma kabisa. Akasema, "Nilimwona. Nikampigia miguu."

Akainuka. Ameniambia niandike kwamba kesho anapanda treni pamoja nawe, kwamba dada wa Lugembe anakwenda Manyoni kumsalimu Maganga kwa mdomo wake. Sasa yuko chumbani anafunga nguo zake. Nimekwenda mlangoni nikamuuliza atarudi siku gani. Hakugeuka. Nguo anazofunga ni nyingi.

Barua atakuletea yeye.

Mimi, baba yako,
Mihayo